Kempingi China Hat, Oregon: mwongozo kamili wa kulala jangwa la juu na kuzunguka trail za East Fort Rock kwa kwad au pikipiki

Kama uko Portland, Salem au Boise na umenunua kwad baiki au pikipiki ya trail, muda si mrefu utasikia watu wanaitaja East Fort Rock. Ni mtandao wa njia za kuendeshea porini ndani ya msitu wa taifa wa Deschutes, Oregon ya kati, upande wa mashariki wa volkano ya Newberry, zaidi ya maili 300 za trail yaani karibu kilomita 500, na ndani yake kuna kambi ndogo inaitwa China Hat ambapo unatoka kwenye hema, unawasha, unaingia trail bila kupakia tena kitu kwenye trela. Hiyo ndo raha yake. Shida ni kwamba watu wakisikia jangwa wanajiandaa na joto, wanafika na kaptula na feni ya betri, kumbe kinachowatesa siyo joto hata kidogo, ni ukavu, vumbi na baridi ya usiku, na dawa ya vyote vitatu unaibeba kutoka nyumbani maana kule hakuna duka, hakuna sheli, na mtandao wa simu ni wa kubahatisha.

Nitaenda hatua kwa hatua, pengine nitachelewa kwenye maji na vumbi kwa sababu hapo ndo safari zinapoharibikia.

Elewa kwanza unaenda wapi

Milima ya Cascade inazuia mawingu ya baharini, mvua inaishia upande wa Portland, upande wa pili unabaki mkavu. Mji wa Bend unapata kama milimita 280 tu za mvua na theluji kwa mwaka mzima. Kambi yenyewe iko juu kidogo ya mita 1,500, kwenye misonobari ya ponderosa na lodgepole, ukishuka kuelekea mashariki msitu unakuwa mwembamba unaanza kuona mireteni na vichaka vya sagebrush vyenye ile harufu kali.

Kitu cha pili ni udongo. Miaka kama 7,700 iliyopita Mlima Mazama ulilipuka ukabomoka wenyewe ndani, shimo lililobaki ndo Crater Lake ya leo, na majivu yake yakamwagika eneo lote hili, ukiacha yale ya Newberry yenyewe. Kwa hiyo chini ya miguu yako ni majivu na vijiwe vyepesi vya volkano ambavyo ukivishika havina uzito. Mvua ikinyesha inapita chini moja kwa moja, ndo maana huoni vijito, ndo maana pegi za hema hazishiki, na ndo maana ikifika Agosti gari moja likipita unakaa unasubiri vumbi litulie. Ukishaelewa hilo mengine yote yanajieleza.

Chagua mwezi

Mimi nasema mwisho wa Mei mpaka Juni, au katikati ya Septemba mpaka Oktoba mwanzoni. Mei theluji inakuwa imeondoka sehemu kubwa, udongo bado una unyevu kidogo, tairi inashika vizuri na aliye nyuma yako anaona. Septemba mvua za kwanza zikigusa ni vile vile. Julai na Agosti panaendeka, lakini vumbi ni zito, na huo ndo msimu wa moto wa misitu, unaweza ukafika ukakuta moshi mpaka macho yanauma au eneo limefungwa kabisa. Oktoba ujue kuna msimu wa kuwinda kulungu, vaa kitu cha rangi ya chungwa kali hata kama wewe huwindi, na usikatishe porini kwa miguu ukiwa umevaa kahawia.

Kabla ya kutoka fungua ukurasa wa msitu wa Deschutes uangalie mambo matatu: sehemu zilizofungwa, katazo la moto, na hali ya kambi. Usiseme mwaka jana nilipita, basi na mwaka huu nitapita. Mei 2025 kwa mfano walifunga kipande kikubwa cha msitu kusini ya Bend, kando ya barabara ya China Hat, kwa ajili ya kazi ya kupunguza miti na vichaka, na mtu anayefuata GPS bila kusoma tangazo anaweza kujikuta mbele ya geti.

Karatasi, stika na kadi

Oregon wanagawa vyombo kwa madaraja. Daraja la kwanza ni kwad, upana usizidi inchi 50. La pili ni jipu na magari makubwa ya porini. La tatu ni pikipiki. La nne ni zile bagi zenye usukani na viti vya kukaa ubavu kwa ubavu, upana mwisho inchi 65. Hii siyo mambo ya kujaza fomu tu, maana trail nyingi za East Fort Rock zimefunguliwa kwa madaraja fulani tu, na ukiingia na bagi kwenye njia ya pikipiki utakwama katikati ya misonobari miwili halafu utarudi kinyumenyume huku watu wanakuangalia.

Unahitaji stika ya chombo ya jimbo la Oregon. Wa Idaho na Washington, pigeni simu muulize mapema kama stika ya kwenu inakubalika. Mwendeshaji wa kwad au pikipiki anatakiwa awe na kadi ya mafunzo ya usalama, kozi ni ya mtandaoni na ni bure, unakaa na chai jioni unamaliza. Watoto chini ya miaka 16 wana masharti ya ziada, wanafanya mafunzo ya vitendo, chombo lazima kilingane na mwili wao, na lazima wawe na mtu mzima anayewasimamia. Helmeti chini ya miaka 18 ni sheria, juu ya hapo wamekuachia uamuzi, lakini kwangu mimi asiye na helmeti hatoki kambini.

Ekzosi iwe na kizuia cheche kilichoidhinishwa na Huduma ya Misitu ya Marekani, na kelele isizidi desibeli 97. Kama ulinunua pikipiki ya mtumba yenye ekzosi ya mashindano, iangalie hiyo kabla ya kitu kingine chochote, maana nyingi hazina hicho kizuizi. Na kama huna chombo, Bend na maeneo ya jirani wanakodisha, soma tu vizuri mkataba nani analipa ukivunja kitu.

Maji

Hesabu kana kwamba kule hakuna hata tone. Siyo litapatikana kidogo, hakuna. Usitegemee bomba, usitegemee mto, mto haupo.

Hesabu yangu ni hivi: lita 4 za kunywa kwa mtu mzima kwa siku, ukiendesha kutwa ongeza mpaka 6, halafu lita 3 au 4 nyingine za kupika, kunawa na vyombo. Familia ya watu wanne kutoka Ijumaa jioni mpaka Jumapili mchana uondoke na lita 80 hivi, na bado weka dumu moja la lita 20 ambalo haliguswi mpaka siku ya kuondoka. Hilo ni la kuzimia moto, la rejeta ikipasuka, la jirani aliyeishiwa.

Madumu ya lita 20 ni mazuri kwenye gari lakini mabaya mezani, beba moja lenye koki ulikalishe pembeni ya meza liwe la kunawia, mengine yabaki kivulini. Watoto wakiachiwa dumu bila koki nusu linaishia mchangani. Na maji ya kunywa yasikae na dumu la petroli kwenye trela moja, harufu inaingia, hata kama vifuniko vimebana.

Ukavu wenyewe hausemi. Jasho linakauka kabla hujaliona, kwa hiyo unajiona huna kiu mpaka kichwa kinaanza kugonga saa kumi jioni, na hapo mtu anasema ni jua, siyo jua, ni maji. Kila mtu awe na begi la maji mgongoni lenye mrija, mkisimama kila mtu anavuta. Weka chumvi kidogo mwilini pia, karanga zenye chumvi zinatosha. Midomo inapasuka, pua inakauka mpaka inatoa damu hasa kwa watoto, kwa hiyo Vaseline siyo ya kusahau, pakaza ndani ya pua kidogo kabla ya kulala.

Usiku utakushangaza

Mchana wa Julai unaweza kugonga nyuzi 30 za Selsiasi na zaidi, halafu usiku uleule ikashuka mpaka 4 au 5, na kuna usiku hata wa kiangazi maji ya kwenye beseni yanaganda juu. Hewa kavu na mbingu wazi, joto lote linapanda juu jua likizama. Aliyewahi kulala Njombe mwezi wa saba anaijua baridi ya namna hii, tofauti ni kwamba hapa uko kwenye hema.

Nunua begi la kulalia kwa kuangalia namba ya kulala kwa raha, siyo ile namba ya mwisho kabisa ya kutokufa. Kwa China Hat tafuta la nyuzi sifuri au chini ya hapo. Halafu kitu ambacho watu wanakidharau ni cha kulalia chini: godoro la kujaza upepo lile nene la wageni ni baridi tupu, hewa iliyomo inapoa na wewe unapoa nayo, bora mkeka wa povu, au weka mkeka wa povu juu ya hilo godoro. Kofia ya sufu kichwani, soksi kavu ambazo hukuzivaa mchana. Usilale na nguo za kuendeshea, zina jasho, zitakuvuta joto usiku kucha.

Jiko na chakula

Wengi wetu tunapenda yale majiko ya meza ya kopo la butane, bei rahisi na yanauzwa maduka yote ya Waasia. Mchana yanafanya kazi. Asubuhi kwenye baridi yanagoma, maana butane ikikaribia nyuzi sifuri haigeuki kuwa gesi, unakuta mwali mdogo wa bluu usioweza hata kuchemsha chai. Beba jiko la propane lenye mitungi ya kijani au mtungi mkubwa, hilo halina habari na baridi.

Kwa ule mwinuko maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, siyo 100, kwa hiyo maharage makavu usijaribu, utakesha na gesi itaisha. Maharage, nyama ya mchuzi, pilau, vyote vipike nyumbani, ugandishe kwenye friza ndani ya mifuko ya zipu ikiwa bapa, viingie kwenye boksi la barafu vikiwa mawe. Vinafanya kazi mara mbili, vinapoza vinywaji Ijumaa na vinaliwa Jumamosi. Ugali unasongeka vizuri tu, mchele ongeza maji kidogo na ufunike. Chapati pika nyingi, maana mtu akirudi kutoka trail anataka kitu cha kushika mkononi sasa hivi, siyo kuambiwa subiri nusu saa.

Kila kitu cha chakula kiwe kwenye maboksi ya plastiki yenye vifuniko vya kubana. Sababu ya kwanza vumbi, sababu ya pili kuna kindi wadogo wenye mistari mgongoni ambao watatoboa begi la mgongoni kwa ajili ya karanga tatu ulizosahau mfukoni.

Kupakia na kufika

Kutoka Portland mpaka Bend ni kama masaa matatu na nusu kupitia barabara 26 na Mlima Hood, ukiwa na trela weka manne. Kutoka Boise ni barabara 20, masaa matano na ushee, na hapo katikati sheli ziko mbalimbali sana, usipite Burns bila kujaza. Kujaza kwa mwisho ni Bend au La Pine, gari na madumu ya vyombo vyote. Kutoka Bend unachukua barabara ya China Hat ambayo ni barabara ya msitu namba 18, kutoka La Pine unaingia namba 22 kwenda mashariki halafu unakunja kaskazini kwenye hiyo 18. Kama upande wa Bend umefungwa, tumia La Pine, ni zaidi ya kilomita 50 kutoka mjini.

Barabara za changarawe huku zina rasta, zile za kutikisa meno. Punguza mwendo, na baada ya kilomita chache za mwanzo simama, kagua mikanda ya kufungia vyombo kwa sababu suspenshi zikibonyea mikanda inalegea. Kila kwad iwe na mikanda minne, mbele miwili nyuma miwili, na breki ya kuegesha. Fungua mfuniko wa tangi kidogo ukifika, kuna presha inajikusanya kwa ule mwinuko na joto, usiufungue karibu na mtu anayevuta sigara.

Kambi ni ndogo na aliyewahi ndo anapata, kwa hiyo wikendi za sikukuu za Memorial Day (mwisho wa Mei) na Labor Day (mwanzo wa Septemba) fika Alhamisi, au uwe na mpango wa pili. Kuna choo cha shimo, meza, na mduara wa chuma wa moto. Beba karatasi ya choo yako. Kambi ikijaa unaweza kulala porini ndani ya msitu wa taifa kwenye sehemu zilizoruhusiwa, mwisho wake ni siku 14, ila hapo hata choo huna.

Kupiga hema, na hili lina umuhimu: kabla hujatazama chini tazama juu. Lodgepole nyingi zimekufa zikiwa zimesimama, mbawakawa wanazila chini ya ganda, na upepo wa saa tisa alasiri unazitikisa. Mti usio na majani ya kijani, wenye ganda linalobanduka, au wenye tawi limening'inia, usilaze mtu chini yake hata kama kivuli chake ni kizuri namna gani. Ukishapata mahali, sahau zile pegi nyembamba zilizokuja na hema, kwenye majivu zinachomoka kwa kidole. Chimba kama sentimita 30, funga kamba katikati ya kipande cha mti, kilaze shimoni, fukia, kanyaga. Hata upepo uje, haitoki. Mlango uelekee upande ambao upepo hautoki, na gari liegeshwe kati ya hema na njia ya kambi likinge vumbi.

Ndani ya kambi chombo ni cha kuingia na kutoka tu, polepole sana, siyo cha watoto kuzungukia vyoo. Hili ndo linaleta ugomvi na majirani kuliko muziki. Kuanzia saa nne usiku kimya, jenereta zima.

Moto

Kiangazi mara nyingi kunakuwa na katazo la moto wa kuni Oregon ya kati yote, na likiwepo linakuhusu hata kama uko kwenye mduara wa chuma wa kambi. Jiko la gesi lenye swichi ya kuzima kwa kawaida linaruhusiwa, soma tangazo la wiki hiyo. Mkaa nao umo kwenye katazo, kwa hiyo wazee wa nyama choma, bebeni grili ya gesi na msibishane na mlinzi wa msitu, faini ni kubwa na moto ukitoroka utalipia gharama za kuuzima.

Kama unaruhusiwa, kuni nunua La Pine au Bend, usizitoe mbali, wadudu wa miti wanasafiri ndani ya kuni. Kuzima: mwaga maji, koroga kwa koleo, mwaga tena, halafu sogeza mkono karibu juu ya majivu, kama bado unahisi joto hujamaliza. Usifukie tu mchanga. Udongo huu una hewa nyingi ndani, kaa linaingia kwenye mizizi linatambaa chini kwa siku kadhaa halafu linatokea pembeni mkiwa mmeshafika nyumbani.

Trail, na vumbi lenyewe

Ramani pakua kabla, ile ya bure ya Huduma ya Misitu inayoonyesha njia zilizoruhusiwa kwa chombo gani, iweke kwenye Avenza, programu ya ramani ya simu ambayo inafanya kazi bila mtandao, na beba ya karatasi pia. Trail zina namba kwenye vigingi, na alama za ugumu ni duara la kijani rahisi, mraba wa bluu wastani, almasi nyeusi ngumu. Siku ya kwanza wote kijani, hata yule anayejiita fundi. Ukiona njia haina kigingi wala haipo kwenye ramani, siyo njia hiyo, hata kama kuna alama za tairi.

Kwa mwinuko huu injini inapungua nguvu, hesabu asilimia 3 kwa kila mita 300, kwa hiyo ukitoka Portland ambako ni karibu na usawa wa bahari umepoteza kama asilimia 15. Zenye fyueli injekshen zinajirekebisha, zenye kabureta zitakohoa na kutoa moshi mweusi kidogo, kama unajua kubadili jeti badili, kama hujui iache tu itembee.

Mpangilio wa msafara: mwenye uzoefu mbele, mwenye uzoefu wa pili mwisho, wageni katikati. Achaneni mpaka vumbi la aliye mbele litulie, hata kama ni dakika nzima. Watu wanaogopa kupotea wanabanana, hawaoni, ndo wanagonga mti. Kanuni inayoondoa hofu hiyo ni moja: kwenye kila njia panda unasimama mpaka umuone aliye nyuma yako na yeye amekuona umekunja wapi, halafu unaondoka. Hakuna anayepita njia panda peke yake. Ukipishana na msafara mwingine, nyoosha vidole kuonyesha wangapi wako nyuma yako, wa mwisho anakunja ngumi. Trail zote ni za pande mbili isipokuwa palipoandikwa vingine, kona zisizoonekana kaa kulia. Miwani ya vumbi ya kufunga kabisa, siyo ya jua, na shali au barakoa puani. Lenzi za macho za kuvaa acheni nyumbani.

Sasa filta ya hewa, eya klina, wengine wanasubiri mpaka mwisho wa msimu. Hapa ni kila jioni. Fungua kiti, futa kwanza vumbi lililoko juu kwa brashi kavu ili lisidondokee ndani, toa sponji, ndo filta yenyewe, polepole. Kabla hujafanya lolote chukua kitambaa cheupe chenye unyevu ufute nacho ndani ya bomba upande wa injini, ule ulio nyuma ya filta. Kikitoka cheupe uko salama. Kikitoka na rangi ya kijivu injini inakula majivu, na majivu haya ni vioo vidogovidogo, yanakwangua silinda na pistoni, utaanza kuona inakula oili na kufikia hapo umeshalipa. Chanzo mara nyingi siyo sponji, ni ukingo wake haujakaa vizuri, kwa hiyo pakaa grisi kidogo kwenye mdomo wa filta unapoirudisha.

Usioshe sponji kwa petroli, inayeyusha gundi na mikono yako inateseka, halafu kuna moto karibu. Namna rahisi ni kuja na sponji tatu au nne zilizooshwa na kupakwa mafuta yake nyumbani, kila moja kwenye mfuko wa zipu, jioni unabadilisha chafu kwa safi ndani ya dakika kumi, chafu unaenda kuziosha nyumbani na sabuni. Mafuta yawe yameenea mpaka ndani, ukikamua rangi iwe moja sehemu zote. Kama filta yako ni ya karatasi, nunua soksi yake ya kuvalisha juu na beba spea. Baada ya hapo nyororo: piga brashi kavu, paka mafuta kidogo sana, maana nyororo yenye mafuta mengi inashika majivu inakuwa msasa.

Begi la spana liwe na pampu, viraka vya pancha, plagi, waya, mkanda wa kuvutia chombo kilichokufa, na koleo dogo. Kizima moto kidogo kwenye kila bagi, kwa msimu wa kiangazi usibishe.

Mtu akiumia

Mwambie mtu aliyebaki mjini mnarudi lini na mko trail upande gani, na saa ngapi apige simu kama hajasikia. Kifaa cha satelaiti cha kutuma meseji ni pesa nzuri uliyoitumia, simu za iPhone 14 kwenda juu nazo zinaweza kutuma dharura kwa satelaiti ukiwa sehemu ya wazi. Jaribu nyumbani, siyo siku mtu amevunjika mguu. Unapotuma taja namba ya trail na namba ya barabara ya msitu iliyo karibu, maana gari la wagonjwa litafika kwenye barabara, halitafika kwenye trail. Hospitali kubwa ya majeruhi ni St. Charles, Bend. Mtu aliyegonga kichwa, hata kama anacheka na anasema yuko fiti, siku yake ya kuendesha imeisha.

Siku mwili umechoka

Msiendeshe siku zote, mikono inakufa ganzi na ajali za Jumapili mchana ndo hizo. Ukishuka na barabara 22 kuna South Ice Cave, pango lililotokana na lava, ndani baridi hata Agosti, ingia na taa mbili na jaketi. Endelea kusini mpaka Fort Rock yenyewe, pete ya mwamba iliyotokana na mlipuko wa volkano chini ya ziwa la kale, imesimama peke yake kwenye tambarare. Pango la karibu na hapo ndo mwanaakiolojia Luther Cressman alichimba mwaka 1938 akakuta makubazi yaliyosukwa kwa maganda ya sagebrush, ya zaidi ya miaka 9,000. Wenye kutaka maji waende Paulina Lake juu ya Newberry, mkaoge miguu, na pale kuna mtiririko mkubwa wa obsidiani, kioo cheusi, wa miaka kama 1,300, tembea kwenye njia yake na viatu vigumu na usichukue hata kipande.

Kuondoka

Takataka zote mnarudi nazo, pamoja na maganda ya ndizi na mifupa. Maji ya vyombo yachuje, mabaki yaende kwenye mfuko, maji yatawanye mbali na kambi. Funga vyombo, pitia uwanja mzima kwa miguu mkitafuta pegi na skrubu, pegi iliyobaki inatoboa tairi ya anayefuata.

Kabla ya kuingia barabarani piga brashi chini ya madigadi, mbegu za magugu zinajificha kwenye udongo uliokauka, hutaki kuzihamishia msitu mwingine. Nyumbani usianze na mashine ya maji ya presha. Puliza kwanza rejeta kwa hewa kutoka ndani kwenda nje, majivu yakilowana ndani ya mapezi yanagandamana. Ukishapuliza ndo uoshe, ziba mdomo wa ekzosi na wa filta, badilisha oili ya injini hata kama kitabu kinasema bado, halafu mimina yale maji ya dumu lililobaki kwenye ndoo uoshee sponji.